Msanii Mwenye Ruhusa

Wenzangu mnaoandika, hebu tuanze na swali. Mtu anayelipwa ili avunje mlango wa watu, akishauvunja hachukui hata kijiko, bali anakaa kitako na kuandika ukurasa kwa ukurasa namna alivyoingia, mtu huyo tumwite nani? Mwizi? Fundi? Askari? Au tumwite mwenzetu?

Si kitendawili hiki. Kazi hiyo ipo na watu wanailia ugali. Magazeti yetu humwita mtu wa namna hiyo mdukuzi mwema, ili asichanganywe na mdukuzi mbaya. Neno mdukuzi lenyewe si la jana. Zamani lilikuwa la mtu mwenye kutega sikio penye mazungumzo yasiyomhusu. Siku hizi anategea kompyuta na simu. Huyu mwema anaitwa na wenye mali wenyewe. Benki au kampuni inamwambia: "Bwana, jaribu kutuibia. Ukifaulu, tueleze ulipopita, tupazibe kabla mwizi wa kweli hajapaona." Akivaa tai anaitwa mshauri wa usalama wa taarifa.

Najua mtakachosema. "Wewe umeishia fomu foo, hesabu zilikushinda, kompyuta huna, riwaya yako unaiandika kwenye madaftari ya mistari. Mambo ya udukuzi umeyajulia wapi?" Haki yenu kuuliza. Mimi pia nilidhani kazi hiyo ni ya watu wa hesabu tu, mpaka nilipokisoma kitabu cha kuazima chenye kurasa za mwisho zilizochanika, kinachosimulia maisha ya Mmarekani mmoja aitwaye Kevin Mitnick. Nilikisoma kwa kamusi, usiku tatu. Nilipokifunga nilikuwa nimeelewa kwamba silaha kubwa ya mtu yule haikuwa kompyuta. Ilikuwa ni hii tuliyonayo sisi: hadithi.

Mitnick alizaliwa California mwaka 1963, akakulia Los Angeles. Wazazi walitengana yeye akiwa mdogo, mama akawa anahudumia meza kwenye migahawa, na mtoto akashinda peke yake mitaani kama tulivyoshinda wengi wetu. Alipofika miaka kama 12 aliupenda mchezo wa kupanda mabasi. Mabasi ya kule yalikuwa na tiketi ya kubadilishia basi, na dereva aliitoboa kwa kidude chenye umbo la pekee. Siku moja Kevin akamwuliza dereva, kwa adabu zote, kidude kile kinauzwa wapi, maana anakihitaji kwa kazi ya shule. Dereva, mtu mwema, akamtajia duka. Mtoto akaenda akanunua. Tiketi zenyewe aliziokota kwenye pipa la takataka la karakana ya mabasi, ambako madereva walitupa vitabu vilivyobakia nusu. Kuanzia hapo akawa anazunguka jiji zima bila kulipa senti.

Sasa tazameni. Katika kisa hiki hakuna waya wala umeme. Kuna mtoto mwenye uso wa upole, na kuna maneno mawili matatu: kazi ya shule. Dereva hakudanganywa na mashine. Alidanganywa na hadithi, tena fupi kuliko zote tunazozipeleka kwa wahariri wetu.

Alipokua aliingia kwenye simu, kisha kwenye kompyuta. Mwaka 1979, akiwa na miaka 16, aliingia bila ruhusa kwenye kompyuta ya kampuni kubwa ya DEC. Mwaka 1988 alikamatwa, akafungwa mwaka mmoja. Alipotoka akarudia mchezo, na polisi walipomkaribia akatoroka. Kwa zaidi ya miaka miwili aliishi kwa majina ya bandia. Mjini Denver alifanya kazi kwenye ofisi ya mawakili, fikirini, mtu anayetafutwa na FBI anakunywa chai na wanasheria kila asubuhi! Huko alijiita Eric Weiss. Jina hilo aliliazima kwa Houdini, yule mfanya mazingaombwe maarufu wa kujifungua pingu, ambaye kwa kuzaliwa aliitwa Erik Weisz. Mwandishi yeyote atatambua furaha ya mtu anayechagua jina kama hilo. Mkimbizi anajificha, na papo hapo anatamani mtu mmoja mwerevu agundue utani wake.

Kisa kinachonisisimua zaidi ni cha Motorola. Mitnick aliitaka programu ya siri iliyokuwa ndani ya simu mpya ya kampuni hiyo, na anasimulia kwamba aliipata akiwa njiani kutoka kazini, anatembea kwenye theluji na simu mkononi. Alipiga, akajifanya mfanyakazi wa idara nyingine. Akapewa mtu wa kwanza, wa pili, mpaka akampata dada mmoja aliyekuwa tayari kumsaidia. Mtambo ulipokataa kutuma mafaili nje ya kampuni, dada yule akaenda kwa mkubwa wake wa usalama kuomba msaada, akarudi na paswedi, na mafaili yakaenda. Mlinzi wa mlango ndiye aliyetoa ufunguo, na hakuna aliyemnyooshea bastola. Mwenyewe Mitnick alisema siku zote kwamba aliyafanya yale kwa raha ya kufaulu, si kwa kuuza alichokipata. Mimi namwamini, na ndiyo maana ananitisha.

Tarehe 15 Februari 1995 FBI walimkamata Raleigh, North Carolina. Alikaa ndani karibu miaka mitano, na miezi minane kati ya hiyo alikaa peke yake chumbani. Anasimulia kwamba hakimu aliambiwa mtu huyu akipewa simu anaweza kupiga mluzi tu na kuanzisha vita ya nyuklia. Lahaula! Msimulizi wa fiksi naye akafungwa kwa fiksi ya wengine. Vijana wa kwao walibandika vibandiko kila mahali wakitaka aachiwe.

Alitoka tarehe 21 Januari 2000. Mwezi wa Machi mwaka huo huo Baraza la Seneti la Marekani likamwita, si kumshtaki bali kumwuliza: ulifanyaje? Akawaeleza kwamba mara nyingi hakuwa na haja ya kuhangaika na mitambo, kwa sababu watu walimpa alichotaka alipowaomba. Hakuruhusiwa kugusa intaneti mpaka mwaka 2003. Mwaka 2002 alitoa kitabu chake cha kwanza, The Art of Deception, akishirikiana na William L. Simon. Baada ya hapo akafungua kampuni yake ya ushauri, na kampuni zikawa zinamlipa awafanyie yale yale aliyofungiwa. Kadi yake ya biashara ilikuwa ya chuma, na ndani yake umekatwa seti ya vyuma vidogo vya kufungulia kufuli bila ufunguo. Unavibandua, unaanza kazi. Alifariki Julai 2023 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 59.

Basi nikajiuliza. Simu ile ile, sauti ile ile, hadithi zile zile. Mwaka 1995 pingu, mwaka 2003 hundi. Nini kilichobadilika?

Kabla sijajibu, niwarudishe huku kwetu Dar es Salaam, maana swali hili halikunijia kitabuni tu.

Hapa mjini tunalo neno moja la ajabu. Mchonga vinyago wa Mwenge ni msanii. Mwimbaji ni msanii. Na yule anayekuuzia simu ukafika nyumbani ukakuta ni kipande cha sabuni ndani ya boksi, huyo naye tunamwita msanii. "Usimwamini yule, msanii yule!" Mtu akitapeliwa tunasema kafanyiwa usanii, au kaingizwa mjini. Wazee wa lugha wananung'unika kwamba vijana wameliharibu neno. Mimi naona mtaa ulisema kweli bila kukusudia. Mtaa uliona kwamba mwenye kutunga na mwenye kutapeli wanatumia chombo kimoja.

Mama yangu mdogo anauza vitumbua Buguruni. Siku moja saa nne asubuhi aliingiza ujumbe kwenye simu yake, ambao nina hakika na ninyi mmewahi kuupata: Ile hela tuma kwenye namba hii. Siku hiyo ilikuwa ni siku yake ya kupeleka mchango wa kikoba. Akatuma shilingi 85,000. Jioni mweka hazina akampigia kuuliza, mbona kimya?

Alilia kidogo tu, kwa sababu kesho yake ilimbidi aamke saa tisa usiku kusaga mchele. Mimi nilichukua simu yake nikausoma ujumbe ule mara nyingi. Nisameheni, lakini niliusoma kama ninavyosoma hadithi za wenzangu, kwa kalamu mkononi. Na nilichokiona ni kwamba ulikuwa umeandikwa vizuri sana.

Tazameni neno la kwanza. Shuleni tulifundishwa kwamba kivumishi kionyeshi hukaa baada ya jina: hela ile, pale, ya mbali. Lakini kikitangulia, ile hela, hakionyeshi tena kwa kidole. Kinakumbusha. Kinasema: mimi na wewe tunaijua hela hiyo, tulishaizungumza. Msomaji, hata kama hajui chochote, anaanza kutafuta kichwani mwake ni hela ipi. Na nani hapa mjini hadaiwi hela? Mwenye kodi ya chumba atakumbuka kodi, mwenye mtoto bodingi atakumbuka ada, mama mdogo akakumbuka kikoba. Mwandishi wa ujumbe hakutaja jina, hakutaja kiasi, hakutaja sababu. Yote hayo alimwachia msomaji ayajaze. Waalimu wetu wa fasihi wanatuhimiza tumwachie msomaji nafasi ya kufikiri. Tapeli kafaulu mtihani huo kwa neno moja la herufi tatu.

Ndivyo alivyofanya Mitnick na dereva wa basi. Aliposema kazi ya shule, dereva mwenyewe ndiye aliyeona darasa, mwalimu na mtoto mwenye bidii.

Majuma kadhaa baada ya hapo, mshikaji mmoja wa kijiweni kwetu akanivuta pembeni. Ni mtu wa pesa za ghafla, wiki hii ana kiatu kipya, wiki ijayo anakopa sigara. Akaniambia: "Mwandishi, nina dili lako. Zile meseji za zamani watu wameshazishtukia. Walivyoanza kusajili laini kwa alama za vidole tukadhani basi, lakini ulaji bado upo, tatizo ni maneno. Wewe maneno unayo. Nitungie tano mpya kila wiki, sitaki ufanye kingine chochote, simu hugusi. Elfu hamsini kila Jumamosi, mkononi."

Nataka muelewe hali yangu ilivyokuwa. Riwaya yangu ilikuwa imefika sura ya tisa, madaftari manne. Mwenye steshenari alitaka pesa kwa kila ukurasa wa kuchapa, na mhariri mmoja alikuwa ameniambia wazi kwamba miswada ya mkono hawaisomi tena. Hakuna mtu aliyewahi kunilipa hata shilingi kwa sentensi yangu. Mshikaji yule alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kuniambia maneno yangu yana bei. Yaani, wa kwanza! Si mwalimu, si mhariri. Na alinisifu kwa kweli, hakunidanganya. Alijua kazi yangu ni nini kuliko wanavyojua ndugu zangu wanaonishauri nijifunze udereva.

Nikamwambia hapana. Akanitazama kama mtu aliyekataa wali kwenye harusi. "Unaogopa polisi?" Nikasema polisi ndiyo, lakini kuna mama mmoja anaamka saa tisa kusaga mchele. Akacheka: "Sasa si utunge za watu usiowajua?" Hapo sikuwa na jibu la haraka. Na jibu hilo la kukosa ndilo lililonirudisha kwa Mitnick na lile swali langu la kilichobadilika.

Kilichobadilika ni ruhusa. Mtaona ni jambo dogo, karatasi tu. Lakini kazi nzima ya mdukuzi mwema imejengwa juu ya karatasi hiyo. Kabla hajagusa chochote anakaa na mwenye mali, wanaandikiana. Atapima nini na hatagusa nini. Kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani. Akiona siri za wateja atafanya nazo nini. Akikamatwa na mlinzi usiku apigiwe nani. Barua hiyo anatembea nayo mfukoni. Bila barua, kitendo kile kile ni jinai. Hata sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haisubiri uibe; kuingia kwenyewe, kwa makusudi na bila haki, ni kosa tayari.

Na msidhani karatasi ni kinga ya radi. Septemba 2019, katika mji mdogo wa Adel, jimbo la Iowa, Marekani, wapimaji wawili wa kampuni ya Coalfire waliingia usiku kwenye jengo la mahakama ya wilaya ya Dallas. Walikuwa wameajiriwa na idara ya mahakama ya jimbo ili wapime ulinzi. King'ora kikalia, wakawasubiri polisi, wakatoa barua yao. Askari wa kwanza waliosoma barua na kupiga simu walikuwa karibu kuwaachia. Ndipo akaja mkuu wa polisi wa wilaya, akasema jengo hili ni la wilaya, jimbo halina mamlaka ya kuruhusu mtu alivunje. Wakalala ndani, wakashtakiwa kwa uvunjaji. Kesi ilifutwa mwezi Januari 2020, baada ya miezi minne ya kuhangaika. Kumbe haitoshi kuwa na ruhusa. Lazima uipate kwa mwenye nyumba hasa, si kwa mpangaji wala binamu yake.

Hiyo ikanipa jibu la mshikaji wangu. Watu nisiowajua ndio hasa ambao hawajaniruhusu.

Na sisi watunzi je? Sisi tunadanganya kila siku. Katika sura ya tisa nimemwua mwanamke ambaye hakuwahi kuzaliwa, na nina hamu mtu alie. Lakini msomaji wa riwaya ameshatupa ruhusa. Jalada limeandikwa riwaya. Amelipa, amekaa chini, amesema moyoni: haya, nidanganye, lakini ukimaliza unirudishe salama. Ndiyo barua yetu ya mfukoni. Mwenye kutuma "ile hela" anaingia bila barua hiyo kwa mtu anayedhani anasoma kweli. Ufundi unaweza kuwa sawa, hata wa tapeli ukatuzidi. Tofauti haimo katika sentensi, imo kwa yule anayesomewa: anajua yuko kwenye hadithi, au hajui?

Basi nikafanya jambo. Nilimwendea mama mwenyekiti wa kikoba cha mama mdogo, mtu mzima mwenye sauti ya kuamrisha. Nikamsalimu, nikamweleza: nataka niwajaribu wanakikundi kama matapeli wanavyowajaribu, ili tuone panapovuja. Hakuna hela itakayotumwa. Akanisikiliza, akasema: "Mwanangu, mimi siwezi kukuruhusu kwa niaba ya simu za watu. Njoo Jumapili uwaombe wenyewe." Hajawahi kuisikia Adel wala Iowa, lakini alilijua jambo hilo kuliko jimbo zima.

Jumapili nikaenda. Akina mama 19 kwenye mkeka. Nikaomba, wakabishana, wakakubali kwa masharti mawili: nisiwaambie siku, na atakayenaswa asitajwe jina. Nikayaandika masharti kwenye daftari, mwenyekiti akatia sahihi.

Nilikaa siku mbili natunga ujumbe mmoja. Sitawaandikia hapa, maana si wote wanaosoma jarida hili ni malaika. Niseme tu kwamba haukuomba hela. Uliuliza jambo dogo la kikundi, kwa heshima, kwa haraka kidogo, kutoka namba ngeni. Nilifuta, nikaandika upya, nikatoa neno moja, nikalirudisha. Na nilipoupata ulivyotakiwa, moyo wangu uliruka. Ni raha ile ile ninayoipata sura inapokubali. Nadhani ni raha ile ile aliyoipata Mitnick kwenye theluji ya Denver, na labda ndiyo anayoipata mwandishi wa "ile hela" popote alipo. Raha haiulizi kama una ruhusa. Kuuliza ni kazi yako.

Jumatano nikautuma. Walijibu 7. Watu waliokuwa wameonywa, tena kwa hiari yao! Mama mdogo hakujibu. Alijifunga kanga akaenda kwa miguu mpaka kwa mwenyekiti kuuliza kama namba ile ni yake.

Kisha nikaandika taarifa. Hapa ndipo nilipogundua jambo ambalo waandishi wenzangu mtalipenda: mdukuzi mwema mwisho wa kazi hukabidhi maandishi. Kampuni haioni usiku wake wa kuhangaika. Inasoma kurasa zake tu. Lazima amweleze fundi kwa ufundi, na amweleze mkurugenzi asiyejua kompyuta kwa lugha ya kawaida. Aseme kosa liko wapi, zito kiasi gani, lizibwe vipi, na asimdhalilishe mtu. Taarifa mbovu ni kama hakuvunja chochote. Mimi niliandika ukurasa mmoja na nusu. Ilinitoa jasho kuliko sura ya tisa, kwa sababu humu sikuruhusiwa kutia chumvi.

Jumapili iliyofuata niliisoma mbele yao. Mwenyekiti akasema, haya, sasa tutajie hao saba. Nikasema tulitia sahihi, mama. Pakawa kimya. Mweka hazina alikuwa ameinamisha kichwa anachezea ncha ya mtandio wake, na mimi nilijua, na yeye alijua kwamba najua. Mwenyekiti akalitazama daftari, akaiona sahihi yake mwenyewe, akasema: "Basi. Makubaliano ni makubaliano." Mweka hazina akanyanyua uso. Ndiye aliyependekeza kanuni wanayoitumia hadi leo: jambo lolote la hela likija kwa maandishi, hujibu, unapiga ile namba uliyoihifadhi wewe mwenyewe, usikie sauti. Mitnick naye anawashauri wenye makampuni vivyo hivyo katika kitabu chake: mpigie mtu kwa namba unayoijua wewe, si ile aliyokupa yeye.

Walinilipa sahani ya pilau na vocha ya shilingi 5,000. Ndiyo malipo yangu ya kwanza ya uandishi, nayaandika hapa ili historia isipotee. Mshikaji wa kijiweni bado tunasalimiana. Anasema nimejipunja, na kwa hesabu ya Jumamosi hadi Jumamosi ana haki. Sura ya kumi bado haijachapwa.

Kwa hiyo, ninyi wenye kalamu mliokaa nyumbani mkidhani hamna la kuwasaidia mama zenu kwa kuwa hamkusomea kompyuta, kompyuta si neno kubwa hapa. Mnajua hadithi inavyomshika mtu. Tapeli naye anajua. Nendeni kwenye vikoba, kwenye vikundi vya kwaya, kwenye vyama vya bodaboda, mkawaonyeshe panapovuja.

Ila ombeni kwanza. Na muwaombe wenyewe.